Prosesa ya gitaa inalia kama nyuki kanisani: kabla hujaiuza, soma hapa

Ndugu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: prosesa ya gitaa (kile kisanduku cha kukanyaga kinachoiga amplifaya na kuongeza madoido ya sauti) uliyonunua ikiwa imetumika inasikika vizuri kwenye hedifoni lakini kwenye spika za kanisa inalia kama nyuki ndani ya kopo, inajizima na kujiwasha yenyewe katikati ya ibada, na je, uiuze uchukue amplifaya ya kawaida? Usiiuze bado. Ikiwa kwenye hedifoni iko sawa, basi ubongo wake ni mzima. Kagua vitu viwili: jinsi sauti inavyotoka na jinsi stima inavyoingia.

Tuanze na nyuki. Spika ya gitaa ya inchi 12, ile ya ndani ya amplifaya, hushuka ghafla ikishapita kama 5 kHz. Spika za kanisa zina honi inayopanda hadi karibu 20 kHz. Prosesa yako huiga vitu viwili tofauti: amplifaya yenyewe, halafu kabati la spika pamoja na maikrofoni iliyosimamishwa mbele yake. Kuiga kabati kukizimwa, mikwaruzo yote ya distoshoni inapanda moja kwa moja kwenye honi, na hakuna ikwalaiza ya miksa itakayokuokoa. Kwenye hedifoni huenda huisikii kwa sababu baadhi ya prosesa huwasha kabati zenyewe ukichomeka hedifoni. Aliyekuuzia pengine alikuwa akiitumia mbele ya amplifaya, akaiacha hivyo.

Ingia kwenye mipangilio ya jumla, siyo ya preseti (sauti zilizohifadhiwa tayari) moja moja, utafute sehemu ya kuchagua mahali sauti inakoenda. Boss wanaiita Output Select. Kama waya unaenda kwenye miksa, spika yenye nguvu yake au amplifaya ya kinanda, chagua LINE/PHONES, na kabati liwe limewashwa. Kama unaenda kwenye tundu la mbele la amplifaya ya gitaa, zima kabati, maana amplifaya ina spika yake tayari. Ukiyaweka mawili sauti inakuwa nzito na butu, kama ya redio iliyofunikwa blanketi utasema, na utaanza kulaumu picapu bure. Kama amplifaya ina tundu la RETURN nyuma, ingilia hapo: unaruka priampu yake (hatua ya kwanza inayoijenga toni), unabaki na ile ya prosesa, kabati likiwa limezimwa. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mtu yeyote mwenye amplifaya yenye tundu hilo, kwa sababu kupitisha amplifaya ya kuigiza ndani ya priampu ya amplifaya nyingine ni kupaka rangi mara mbili.

Ukishawasha kabati, kata chini kwenye 90 hadi 100 Hz na juu kwenye 6 hadi 8 kHz, papo hapo kwenye kabati au kwa ikwalaiza iliyo mwisho wa mnyororo. Chini ya 90 Hz ni eneo la besi na ngoma. Gitaa likiingia huko linaleta matope tu.

Sasa kiwango cha sauti. Prosesa nyingi zina swichi ya kuchagua kiwango cha ala au cha laini. Kwenye miksa tumia laini, uingie kwenye tundu la laini, geini ya chaneli ikiwa chini kabisa, kisha uipandishe taratibu hadi pigo lako zito zaidi lifike karibu -12 hadi -6 dB. Ukitoka kwa laini ukaingia mbele ya amplifaya ya gitaa, itapasuka hata ukiwa umechagua sauti safi. Ukitumia waya wa XLR, mwombe mtu wa saundi azime volti 48 kwenye chaneli yako. Maikrofoni za kondensa zinazihitaji, wewe huzihitaji, na si kila prosesa inazivumilia. Akikwambia swichi yake inawasha chaneli zote kwa pamoja, pitia kwenye kisanduku cha DI (kile cha kuunganisha ala na miksa) chenye transfoma.

Kama miksa imekupa chaneli moja tu, chomeka kwenye L/MONO na R ibaki wazi kabisa. Hapo prosesa inaunganisha pande mbili yenyewe. Waya mfu ukibaki umechomekwa kwenye R, inadhani uko stirio na unapoteza nusu ya dilei. Korasi ya stirio nayo ikiunganishwa kuwa moja inaweza kukonda, kwa sababu pande zake mbili zinafutana. Chagua korasi ya mono.

Twende kwenye kujizima, maana hapo ndipo vifaa hivi hufia Nairobi.

Geuza adapta usome kibandiko. Kwenye INPUT tafuta 100–240V. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, imetoka Marekani na haifai kugusa soketi yetu ya 240V bila transfoma ya kushusha. Kwenye OUTPUT soma vitu vinne. Volti lazima zilingane kabisa na za kifaa. Miliampea za adapta ziwe sawa na za kifaa au zaidi; kuzidi hakuna madhara, kifaa huchukua kinachohitaji, lakini kupungua ndiko kunakoleta kujizima. Mchoro wa ncha: pedali nyingi za gitaa hutaka hasi katikati, wakati adapta nyingi za ruta na ving'amuzi ni chanya katikati. Cha nne kinasahaulika sana: alama ya mkondo. Mstari ulionyooka wenye vitone chini yake ni DC, wimbi ni AC. Line 6 POD 2.0 na POD XT, ambazo bado zinauzwa kwa mkono wa pili, hutumia 9V AC. Ukienda Luthuli Avenue, kwenye maduka ya elektroniki ya Nairobi, ukasema tu "nipe adapta ya 9V", utapewa ya DC, na utarudi nyumbani na kifaa kisichowaka ukidhani umeuziwa kifo.

Kisha angalia ukubwa wa tundu. Plagi za duara za aina hii huwa na kipenyo cha nje cha milimita 5.5, lakini shimo la ndani huwa 2.1 au 2.5. Plagi ya 2.1 haiingii kwenye pini ya 2.5, hivyo utajua mara moja. Ya 2.5 inaingia kwenye pini ya 2.1 bila shida, ila inacheza. Kila ukikanyaga pedali kwa nguvu, mguso unaachia kwa sehemu ndogo ya sekunde na prosesa inaanza upya. Jaribio ni rahisi: iwashe, usiguse kitu kingine, utikise plagi polepole kwa vidole viwili. Ikizima, ni plagi hailingani au solda ya tundu imepasuka kwenye bodi. Fundi mzuri wa elektroniki anaweza kulibadilisha tundu hilo. Mpe adapta yako alipime nayo kabla hajafunga kifuniko, na mwambie avute taratibu zile nyaya bapa za ndani, ndizo hukatika kifuniko kikibanduliwa kwa pupa.

Kama plagi iko imara, pima adapta kwa mita ikiwa imebeba mzigo, siyo ikiwa hewani. Adapta ya 9V iliyozeeka husoma 9 ikiwa tupu na kuporomoka prosesa ikiwashwa, kwa sababu kapasita zake zimekauka. Ikiwa inashika 9 au karibu na hapo hata wakati wa kubadilisha preseti, adapta haina hatia.

Kinachobaki ni stima ya jengo. Uliandika kwamba inazima "hasa kwaya ikipamba moto". Hiyo ni dalili ya waya mrefu wa ekstensheni unaolisha amplifaya za besi, taa na wewe kwa pamoja: besi ikivuta, volti zinashuka mwishoni mwa waya. Amplifaya ya kawaida inavumilia. Prosesa ni kompyuta, nayo kompyuta haina nusu ya kuwaka. Chukua stima yako moja kwa moja kutoka soketi ya ukutani, mbali na ile ya amplifaya. Kwenye mikutano ya nje yenye jenereta, weka UPS (kisanduku chenye betri kinachoshika stima ikikatika). Prosesa inakula wati chache, kwa kawaida chini ya 30, kwa hiyo UPS ndogo ya 650VA inakuvusha salama wakati wanabadilisha kutoka stima kwenda jenereta. Ile ya bei nafuu isiyotoa wimbi safi inaweza kuleta mvumo ikiwa kwenye betri, lakini mvumo wa dakika mbili ni bora kuliko ukimya wa kusubiri kifaa kiwake upya. Kama prosesa yako ni ya daraja la Zoom G1 Four au Boss GT-1, ina nafasi ya betri nne za AA: ziweke na usahau haya yote.

Kuhusu mvumo, kwa kuwa wengine hapa wameugusia: usivunje pini ya athi. Najua wengi wanafanya na kelele inaisha kweli. Kinachoisha pamoja nayo ni ulinzi wako siku amplifaya ikivuja, na mkono uko kwenye nyuzi huku mdomo uko kwenye maikrofoni. Tafuta chanzo kwa mpangilio huu. Punguza volyumu ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukiisha, unatoka kwenye picapu: sogea mbali na taa za LED na transfoma, au funika kuta za matundu ya ndani ya gitaa kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na athi. Ukibaki, chomoa waya wa gitaa kabisa. Ukibaki tena, chomoa chaja ya laptopu iliyounganishwa na prosesa kwa USB. Mara nyingi hapo ndipo unanyamaza, maana athi mbili zimekutana na kufanya kitanzi. Tiba yake ni kisanduku cha DI chenye swichi ya kukata athi ya sauti, siyo ya stima.

Ukishamaliza hayo, tengeneza preseti zako upya, na uzitengenezee kwenye spika za kanisa wakati wa mazoezi, kwa sauti ile ile mtakayopiga Jumapili. Sikio husikia besi na sauti za juu kwa nguvu zaidi sauti inapopanda, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima mwaka 1933, ndiyo maana preseti tamu ya chumbani huwa matope na miiba jukwaani. Preseti za kiwandani usizitumie kama zilivyo. Zimetengenezwa kumvutia mnunuzi dukani, zimejaa riverbu hadi juu.

Kwa kuwa unapiga sebene (gitaa safi la haraka la mtindo wa Kongo), hii ni ya kuanzia. Kompresa mwanzoni, uwiano 4:1, ataki kama milisekunde 15 ili ncha ya kidole isikike. Amplifaya safi: mfano wa Roland JC-120 au wa Fender Twin, geini chini. Kabati la spika mbili za inchi 12. Punguza desibeli 2 au 3 pale 250 hadi 300 Hz, umwachie mtu wa kinanda nafasi. Korasi ya polepole, karibu 0.8 Hz, kina kidogo. Dilei ifuate mwendo wa wimbo: gawanya 60,000 kwa midundo ya dakika moja, upate milisekunde za pigo moja. Kwa 130 ni 462, na nusu yake ni 231. Tumia hiyo 231, irudie mara moja au mbili, mchanganyiko asilimia 15. Riverbu karibu sifuri, kwa sababu jengo la mabati na sakafu ya saruji lina yake ya kutosha. Preseti ya solo iwe hii hii ikiongezwa desibeli 3, usibuni nyingine. Ukitaka IR (faili lenye nakala ya sauti ya kabati halisi) badala ya kabati la kiwandani, tafuta faili la WAV la mono, 48 kHz, biti 24. Sampuli 1024 ni kama milisekunde 21 tu za sauti, na kwa sauti safi ya sebene hutasikia tofauti ya maana na 2048.

Famwea, yaani programu ya ndani ya prosesa: usiisasishe Jumamosi usiku. Hifadhi kwanza preseti zote na mipangilio kwenye kompyuta, laptopu iwe na chaji ya kutosha, USB iingie moja kwa moja bila habu, funga programu nyingine zote za sauti. Prosesa iwe kwenye UPS. Stima ikipotea katikati usiitupe, modeli nyingi zina hali ya dharura ya kuwaka ukishikilia vitufe fulani, na mwongozo wa modeli yako utakuonyesha vipi.

Usafi ni mambo machache. Kitufe cha mguu kinachobonyeza mara mbili, au kitasa kinachoruka namba, kipulizie kisafishaji cha viungo vya umeme au isopropili ya asilimia 99, kizungushe mara ishirini hivi, kiache kikauke ndipo uwashe. WD-40 ya kawaida inaacha mafuta yanayonasa vumbi, na spiriti ya dukani ina maji na rangi. Pedali ya volyumu au wawa isiyofika mwisho mara nyingi haijaharibika, inataka kukalibreshwa upya kwenye menyu. Ukiongeza pedali ya nje hakikisha waya wake ni wa TRS (plagi yenye miguso mitatu), na ujue kwamba Yamaha na Roland hawaunganishi ncha zao kwa mpangilio mmoja, hivyo ikifanya kazi kinyume au ikiruka ghafla, tatizo ni hilo. Kwenye bodaboda ibebe mgongoni, usiifunge kwenye keria.

Ukijaribu na bado ina shida, weka hapa picha mbili: kibandiko cha adapta, na nyuma ya prosesa ikiwa na waya zote zimechomekwa kama siku ya ibada.