Kijitabu cha studio, nakala mia, pesa ya kuchangishana: sisi tulichapa hivi

Mkuu, kama nimekuelewa vizuri, mko wasanii saba kwenye studio moja, mnataka kijitabu cha pamoja, nakala mia au zaidi kidogo, hamtaki kifanane na fotokopi, na pesa ni ya kuchangishana. Mmoja wenu anataka ile chapa ya kale ya herufi za madini ya risasi zinazobonyezwa kwenye karatasi, mwingine skrini (wino unaosukumwa kwa mkono kupita kitambaa kilichowambwa kwenye fremu), mwingine kasikia habari za riso, na mwingine kachoka na mjadala anasema mwende dijitali yaishe. Sisi tulikuwa tisa, na kitu pekee ambacho hatukukigombania ni jina la kijitabu.

Jibu fupi: riso, rangi mbili, karatasi za A3, jalada mlichape wenyewe kwa skrini. Ila ukiishia hapo utaingia hasara ile ile niliyoingia mimi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, mashine ya riso kwa nje utasema ni fotokopi. Kwa ndani ni mtoto wa saiklostaili, ile mashine ya zamani ya kunakili kwa stensili. Inasoma faili lako, inachoma vitundu vidogo vidogo kwenye stensili nyembamba (wenyewe wanaiita masta), stensili inavikwa kwenye silinda yenye wino, karatasi inapita chini yake kwa kasi na wino unapenya kwenye vitundu. Silinda moja, rangi moja. Kwenye mashine ya silinda moja, ukitaka rangi ya pili unachomoa silinda, unaweka nyingine, unarudisha karatasi zile zile zipite upya. Wino haukaushwi kwa joto, wala hakuna tona, ule unga wa wino wa fotokopi. Wino wenyewe una mafuta ya mimea na unakauka kwa kunywewa na karatasi. Hilo litatusumbua huko mbele. Kampuni ya Japani inayozitengeneza, Riso Kagaku, ilianza mwaka 1946, na mashine hizi zikaja miaka ya 1980 zikiwalenga watu wa shule, makanisa na ofisi zenye makaratasi mengi ya kugawa. Wasanii walizidandia baadaye, wakapenda kasoro zake.

Sasa hesabu, maana pesa imejificha hapa. Kila upande wa karatasi, kwa kila rangi, unataka masta yake, na masta unailipia hata ukitoa nakala moja. Ndiyo maana nakala kumi za riso hazina maana, ilhali ukitoka nakala 60 kwenda 120 unaongeza karatasi na wino tu.

Mara ya kwanza nilipeleka kazi yetu, kurasa 24 za A5, nikaomba rangi nne kwenye A4. A4 inabeba kurasa mbili kila upande. Kwa hiyo karatasi sita, pande 12, mara rangi nne: masta 48. Kwa nakala 120, karatasi zilitakiwa kupita kwenye mashine mara 5,760. Mchapaji aliponitajia bei nilicheka, nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nikarudi studio, nikakaa na kalamu. A3 inabeba kurasa nne kila upande, yaani karatasi tatu, pande sita. Rangi mbili badala ya nne: masta 12, mipito 1,440. Kijitabu ni kile kile, kurasa ni zile zile 24, na hakuna aliyenyimwa nafasi yake.

Kwa hiyo ukiuliza "njia ipi ni nafuu", swali lenyewe limekaa upande. Chukua hesabu hiyo hiyo uipitishe kwenye kila njia mnayobishania. Skrini: fremu 12 za kutengeneza na kuosha, kisha mtu avute wino kwa mkono mara 1,440, na kila karatasi itafutiwe mahali pa kuanikwa. Inatoka nzuri ajabu, wino mnene, rangi yoyote unayotaka kuchanganya, lakini kurasa 24 zitawaua. Herufi za risasi, ambazo siku hizi wengi wamezibadilisha kwa pleti za polima (vibao vya plastiki vyenye maandishi yaliyoinuka): kila pleti inalipiwa, kazi ni ya polepole, na ule mbonyeo kwenye karatasi ambao mwenzenu anautamani unapendeza kwenye jalada lenye maneno matano, si kwenye kurasa za michoro. Ofseti, ile ya magazeti na vitabu vingi, nayo ina pleti kwa kila rangi na kila upande, tena mashine hula karatasi kadhaa kabla rangi haijatulia. Inaanza kulipa mkifika nakala mamia kadhaa kwenda juu. Dijitali haina masta wala pleti, na kama mnataka nakala 25 tu, msione aibu, nendeni huko. Kasoro yake ni kwamba tona hukaa juu ya karatasi kama ngozi, na kwenye karatasi nzito ukikunja inapasuka mgongoni.

Baada ya hapo tabu haikuwa mashine tena. Tabu ilikuwa sisi.

Chagueni rangi kabla mtu hajachora chochote. Muulizeni mchapaji ana silinda za rangi zipi, msipange rangi asizokuwa nazo. Sisi tulichukua bluu iliyoiva na ile pinki inayowaka, ambayo printa ya rangi nne haiwezi kuitoa hata ikipigiwa magoti. Zikipandiana unapata zambarau, na ukipunguza wino kwa asilimia unapata vivuli vya kila moja, kwa hiyo macho hayaoni umaskini wowote. (Pinki hiyo ikikaa juani inapauka. Kama kazi ni ya kutundikwa dirishani, chagueni nyingine.)

Mafaili hayapelekwi yakiwa ya rangi. Kila rangi ni faili lake la kijivu: palipo nyeusi tii, mashine inamwaga wino wote, palipo kijivu, inatawanya nukta. Waelezeni wenzenu jambo hili mapema na kwa mfano, maana watatikisa kichwa kuwa wameelewa kisha watawaletea picha za simu. Dada mmoja wa kwetu hupaka rangi za mafuta, akaleta picha ya mchoro wake umejaa njano, kijani na kahawia, akataka utoke vile vile. Tulijaribu kuugawa kwa kompyuta, ukatoka kama jeraha. Mwishowe aliweka ile picha kwenye bluu peke yake, ikabaki mistari ya brashi na mwanga, kisha akachukua karatasi nyeusi, akakata kwa mkasi umbo la mtu aliyekuwa kwenye mchoro, tukaliskani, likawa faili la pinki. Ndio ukurasa ambao kila anayekishika kijitabu anasimama hapo. Yeye mwenyewe sasa hivi hufanya kazi zake nyingine kwa mkasi.

Mshairi wetu naye aliweka shairi lake kwa kijivu cha asilimia 80 kwa sababu, alisema, nyeusi inapiga kelele. Kwenye skrini ya kompyuta lilipendeza. Kwenye riso kijivu ni nukta, na herufi ndogo zilizotengenezwa kwa nukta ukizisoma ni kama unamtazama mtu nyuma ya chandarua. Maandishi yawe nyeusi asilimia mia, ndani ya faili la rangi moja tu. Usiyaweke kwenye faili mbili kwa kutafuta giza zaidi, kwa kuwa karatasi hairudi mahali pake sawasawa kwenye mpito wa pili. Milimita moja au mbili za kusogea ni jambo la kawaida, na herufi ndogo ikisogea milimita moja inakuwa na kivuli kama cha mlevi. Kwenye michoro kusogea huko kunaleta uhai. Kwenye aya kunaleta simu za lawama.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa langu. Niliipa kazi yangu ukurasa mzima wa bluu iliyojaa, pembe hadi pembe, na maneno meupe katikati. Wino ukawa mwingi kuliko karatasi ilivyoweza kunywa. Karatasi zilipopita mara ya pili kupokea pinki, roli za mashine ziliokota bluu na kuipaka katikati ya kila karatasi iliyofuata, mstari mmoja mrefu kama tairi ya baiskeli iliyopita kwenye matope. Nakala 30 na kitu zilienda na maji kabla ya mchapaji kusimamisha. Na zile zilizopona, ukifungua kijitabu utaona ukurasa unaotazamana na wangu una ukungu wa bluu. Ni ukurasa wa rafiki yangu. Hajasahau. Toleo la pili nilishusha bluu hadi asilimia 70, tukaziacha karatasi zilale usiku mzima kati ya rangi na rangi, na tatizo likaisha.

Karatasi: isiwe ya kung'aa, kabisa, wino hautakauka. Chukueni isiyopakwa kitu. Sisi tulitumia ya gramu 120 kwa mita ya mraba kwa ndani na imetosha. Nyembamba zaidi ya hapo bluu inaonekana upande wa pili. Na kuna jambo la nyuzi ambalo wengi hawaulizi. Karatasi ina uelekeo wa nyuzi, na ukiikunja kufuata nyuzi inalala vizuri, ukiikunja kwa kukatiza nyuzi inavimba na kufunguka yenyewe mezani kama mdomo. Kwa kijitabu kinachotokana na A3 iliyokatwa katikati kisha kukunjwa, mnataka A3 ambayo nyuzi zinakwenda kwa urefu wake. Chukua karatasi moja, ipinde taratibu pande zote mbili bila kuivunja. Upande unaokubali kwa urahisi ndio nyuzi zinakopita. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae.

Jingine, riso haichapi hadi ukingoni mwa karatasi. Mkitaka rangi ifike pembeni ni lazima mkate, na A5 kamili nne hazibaki na nafasi ya kukatwa ndani ya A3. Tulipunguza ukurasa ukawa milimita 140 kwa 200, tukaweka ziada ya milimita 3 kila ukingo wa kukata, na kurasa nne zikaingia kwenye eneo la kuchapia bila kubaki hata nafasi ya kuvuta pumzi. Namba za kurasa msizisogeze pembeni sana, kwa sababu karatasi sita zikishakunjwa pamoja za katikati huchomoza, na gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, haina huruma. Na hesabu ya kurasa igawanyike kwa nne. Mkibaki na ukurasa mmoja mtupu, mpeni yule aliyelalamika zaidi.

Jalada tulilitoa kwenye riso makusudi. Kadi ya gramu 250 ni nzito kwa mashine nyingi za riso, na jalada ndilo linaloshikwa na kila mkono, halafu wino wa riso huwa unatoka kidogo vidoleni hata baada ya wiki. Skrini moja, rangi moja, watu tisa, Jumamosi moja. Mmoja anavuta wino, mmoja anaweka kadi, mmoja anaanika, wengine wanatoa maoni. Baadhi ya majalada yana alama ya dole gumba la mtu, hatukuyatupa. Kukunja na kupiga pini mbili mgongoni pia tulifanya wenyewe kwa stepla ya mkono mrefu; kukata pekee ndiko tulikokulipia, maana kisu na rula kwa nakala 120 ni kutafuta ajali.

Agizeni karatasi zaidi ya idadi mnayotaka. Sisi tuliagiza za nakala 135 ili tupate 120, na kwa sababu ya ukurasa wangu tukaishia kununua nyingine.

Kabla hamjaanza kuchangishana, mwombe mchapaji akupe karatasi moja tu iliyochapwa kwa rangi mbili mnazozitaka, juu ya karatasi hasa mtakayotumia, na sehemu moja iwe imejaa wino. Ikae hadi kesho yake, kisha isugue kwa dole gumba mbele ya wenzako wote. Dole likitoka na rangi nyepesi, endeleeni. Likitoka limejaa, badilisheni karatasi au punguzeni wino, na usimruhusu mtu yeyote awe na ukurasa mzima wa rangi iliyojaa, hata akiwa ndiye mwenye studio.