Kuhusu koseti yako, kabla hujashika mkasi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma. Unauliza ile koseti ya miaka ya 1880, lile vazi la kubana kiuno, uikate kama kiolezo kilivyochorwa, au uipanue ikutoshe, maana mwenyewe wa zamani alikuwa mfupi na mwembamba kuliko wewe. Mimi nataka kujua kwanza: umeshaijaribu kwa marekani, kile kitambaa rahisi cha pamba, kabla ya kitambaa chenyewe? Hujasema. Nguo hushonwa juu ya mtu, si juu ya meza. Nimekuwa nikilisema hilo tangu ukichezea vifungo chini ya cherehani yangu.

Michoro ya namna hiyo mara nyingi haina nafasi ya mshono, iongeze mwenyewe. Unga marekani kwa mishono mirefu, tia mbavu za muda, yaani vile vijiti vya kusimamisha kitambaa, funga kamba mgongoni uache uwazi wa kama sentimita 5, kisha keti. Kile chuma cha mbele kikikuchoma chini ya tumbo au kikipanda kifuani, urefu haujakaa sawa. Rekebisha kiunoni, usiguse pindo. Upana nao ugawe kwenye vipande vyote; ukiuweka wote ubavuni, umbo limepotea. Na utepe wa kiuno kwa ndani usiuache, ndio unaobeba mvuto.

Yule bibi harusi wa Ngamiani, wa gauni lisilo na mikono, unamkumbuka. Mama yake aliniletea vipimo kwenye karatasi, nikavikataa. Nikamwita binti mwenyewe, nikamvika marekani, nikabana pini kila upande. Mbavu nilizikata kwenye mikanda ya plastiki ya marobota ya mitumba, ncha nikazilainisha kwa moto wa mshumaa zisije zikatoboa. Alicheza mpaka ukumbi ukafungwa, gauni halikuteremka hata kidogo. Halafu shangazi mtu akashika kipaza sauti akatangaza kwamba limetoka Dubai. Dubai! Nami niko meza ya nyuma, vidole vina alama za sindano. Baba yako akaninong'oneza nile pilau. Sikula. Mpaka leo nikipita ukumbi ule roho inaniuma.

Lakini walidhani Dubai kwa sababu lilimkaa, na lilimkaa kwa sababu nguo hushonwa juu ya mtu.

Ila wewe hushoni ya harusi. Unataka kujua mafundi wale walijua nini. Picha ulizonitumia, zile koseti za kiwanda cha Symington cha Market Harborough kule Uingereza, nilizikuza kwenye simu nikaona vile vishono vya urembo kwenye ncha za mbavu, vya kuzuia ubavu usitoboe kitambaa. Mimi mshumaa, wao uzi! Sasa ukibadilisha kiolezo kabla hujakishona kama kilivyo, huenda ukafuta jambo la namna hiyo bila kuliona. Basi kishone kilivyo, ukivishe sanamu ya kuvalia nguo. Lakini sanamu haipumui, haiketi, haiinami kuokota kitu. Itakufundisha nini?

Ukinibana sana nitasema... hapana. Niliahidi siku unaondoka kwamba mambo ya kazi yako sitakuamulia, japo ulimi unaniwasha.

Marekani ikikosekana huko, shuka kuukuu la pamba lisilovutika linatosha. Piga picha ukiwa umeketi, mgongo uonekane vizuri, unitumie kabla hujakigusa kile kitambaa cha bei.

Mama yako