Haragi puani, na maswali mengine ya juma hili

Muganga, mtoto wangu wa miaka 3 alikuwa ananisaidia kuchagua maharagi, akaingiza moja puani. Nimejaribu kulitoa na kijiti, limezidi kwenda ndani. – Mama wa Ndosho

Mama, weka kijiti chini kwanza. (Mimi ni muuguzi, lakini hapa Goma kila aliyevaa nyeupe ni muganga, basi nimezoea.) Haragi ni la mviringo na linateleza, kijiti hakilishiki, kinalisukuma tu. Maji pia usimtie puani. Unajua mwenyewe haragi lililolala majini linavyoamka.

Jaribu busu la mama. Si mchezo: daktari mmoja wa New Jersey, Marekani, Vladimir Ctibor, alilieleza tangu mwaka 1965. Mpakate mtoto, mwambie unampa busu kubwa. Ziba kwa kidole lile tundu la pua lisilo na kitu. Funika mdomo wake wote kwa mdomo wako, pumzi isivuje. Puliza polepole mpaka usikie kama mlango umefungwa kooni mwake, ndipo upulize mara moja, kwa ufupi na kwa nguvu. Hewa haina njia nyingine ila kwenye haragi. Kati ya watoto 10, kwa 6 hivi linatoka, na huenda likakutua shavuni pamoja na kamasi. Lisipotoka, mara nyingi limesogea mbele, nasi tutalifikia. Jaribu mara mbili tatu, kisha mlete.

Aliye mkubwa kidogo, anayejua kupenga, avute hewa kwa mdomo, azibe tundu lisilo na kitu, apenge.

Puani mwa mtoto wangu ni betri ile ndogo bapa ya saa. Hata halii. Tunaweza kungoja asubuhi? – Papa wa Katindo

Hapana, Papa. Ita pikipiki sasa hivi, umalize kusoma njiani.

Unyevu wa pua unaifanya betri ipitishe umeme, na pale inapogusa nyama inatokea dawa kali inayounguza. Saa chache zinatosha kuanza kutoboa ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua, na ukuta huo ukitoboka haujizibi. Hata betri iliyoshindwa kuendesha saa bado ina nguvu ya kuunguza. Usimtie matone wala maji yoyote. Nenda hospitali yenye daktari wa pua na masikio, yule wa ORL. Sumaku mbili, moja kila upande, ni haraka vilevile: zinavutana na kuubana ukuta huohuo.

Binti yangu ana usaha unaonuka puani, juma la tatu sasa. Amemeza dawa za mafua mara mbili, bure. – Mama wa Birere

Unatoka tundu moja au yote mawili? Mafua hushika pua nzima. Mtoto mdogo akitoa usaha wenye harufu upande mmoja tu, mimi natafuta kitu kwanza, dawa baadaye. Mara nyingi ni kipande cha sponji ya godoro. Nilichotoa mwezi uliopita kilikuwa kama njegere, kimegeuka kijivu, na tulifungua madirisha yote. Mama yake alicheka, kisha akalia: alikuwa amemgombeza mtoto siku zote hizo kwamba haogi vizuri.

Mtoto ana kitu puani. Bibi anasema tumnusishe ugoro apige chafya. – Dada wa Majengo

Mpe Bibi heshima zake, ila ugoro abaki nao. Kabla ya chafya mtu huvuta pumzi ndefu, na pumzi hiyo inaweza kukipeleka kitu nyuma, hata kwenye njia ya hewa.

Mkimtoa mtoto kitu puani, mtamfunga kamba? – Mama mwingine wa Ndosho

Tutamzungushia kitenge chako, mikono ndani, akae kwako, mwenzangu ashike kichwa. Kisha taa na ndoano butu. Njiani msimtishe kwa sindano, maana akifika akipiga mateke kazi ya dakika moja inakuwa ya saa nzima. Na kikishatoka, usiondoke haraka: tunaangalia tundu la pili, na masikio yote mawili. Kijiwe cha makoro, yale mawe ya volkano, mara nyingi kina ndugu.