Vidoti vya kwantamu: TV ya Majengo, sola ya Bahi na maswali yenu mengine

Haya wakuu, tangu niandike kuhusu vidoti vya kwantamu, vile vilivyowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Nobel ya kemia mwaka 2023, simu haijatulia. Kwa aliyechelewa: ni vichembe vya semikondakta (kitu kinachopitisha umeme nusunusu), nanokristali, upana wake nanomita 2 mpaka 10 hivi (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni), vinapikwa ndani ya kimiminika na ukivimulika vinatoa rangi kali sana. Nimechagua maswali machache, twende nayo.

Kaka, nauza TV hapa Majengo. Wateja wananiuliza QLED ni nini hasa, mi najibu tu "picha kali". Nisaidie.

Picha kali sio uongo, ila waambie hivi. TV nyingi zinazouzwa kwa jina la QLED bado ni LCD, nyuma yake kuna taa za LED za bluu na mbele ya taa kuna karatasi laini yenye vidoti vya aina mbili, vingine vinameza bluu vinatoa kijani, vingine vinatoa nyekundu, na bluu inayobaki inapita yenyewe. Kwa nini wasumbuke hivo? Kwa sababu rangi ya kidoti ni nyembamba, upana wake kwenye spektra, yaani ule mstari wa rangi zote za mwanga, ni kama nanomita 20 mpaka 40, haivuji sana kwenda rangi ya jirani, kwa hiyo nyekundu inakuwa nyekundu kweli. Sony walianza kuuza TV za namna hii 2013. Mteja akikuuliza kama ni sawa na OLED mwambie hapana, kule kila pikseli inawaka na kuzima yenyewe ndo maana nyeusi yake ni nyeusi kabisa. Na herufi Q kwenye boksi peke yake isikutoshe, soma maelezo ya ndani kama vidoti vimetajwa.

Nipo UDOM mwaka wa pili. Kadimiamu selenaidi ni kitu kilekile, kemia ileile, inakuwaje chupa moja ing'ae kijani nyingine nyekundu? Mwalimu alisema elektroni imebanwa, akapita.

Alikuwa na haraka, ila hajakudanganya. Anza na kipande kikubwa cha kadimiamu selenaidi: pengo lake la nishati, yaani nishati ya chini inayotosha kupandisha elektroni, ni elektronivolti 1.74, gawanya 1240 (namba ya kugeuza elektronivolti kuwa nanomita za mwanga) kwa hiyo namba unapata nanomita 712 hivi, yaani mwisho kabisa wa nyekundu. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikigonga inapandisha elektroni na kuacha tundu (nafasi iliyo wazi), na hao wawili wanakaa pamoja wakivutana, tunawaita eksitoni. Ndani ya kipande kikubwa wana nafasi yao, umbali wa kama nanomita 5 na kitu. Sasa kata kristali mpaka iwe ndogo kuliko huo umbali, hawana pa kwenda, na elektroni ni wimbi, wimbi ukilifinya nishati inapanda. Umeshaona ilimba ya Wagogo, vile vyuma vifupi ndo vinatoa sauti nyembamba na virefu sauti nzito, chuma ni kilekile. Hesabu yake: nishati ya kubanwa inaenda kwa moja gawanya kwa mraba wa kipenyo, halafu mvutano wa elektroni na tundu unaipunguza kidogo, huo unaenda kwa moja gawanya kwa kipenyo. Kwa hiyo kidoti cha nanomita 2.5 kinatoa kijani, cha nanomita 6 hivi nyekundu, na hujagusa kemia hata kidogo.

Kitu ambacho wengi wanakisahau: kumeza mwanga hakuko hivo. Kidoti kinameza kila fotoni yenye nishati kuzidi pengo lake, ndo maana tochi moja ya UV inawasha chupa zote kwa mpigo, kila moja na rangi yake. Ekimov aliiona athari ya ukubwa ndani ya kioo chenye kopa (shaba) kloraidi mwanzoni mwa miaka ya 80, Brus akaiona kwenye vichembe vinavyoelea ndani ya kimiminika, 1983.

Mimi ni mwalimu wa kemia Kondoa. Hivyo vichembe vinaeleaje bila kushikana na kuzama?

Shikamoo mwalimu. Hili ndo swali nililokuwa nalingoja, maana kila mtu anashangilia ukubwa na rangi wakati kazi ngumu yote iko usoni mwa kichembe. Kristali ya nanomita 3 ina atomi kama mia tano tu, na karibu theluthi mpaka nusu yake ziko nje, hazina jirani upande mmoja. Ukiziacha hivo zinashikana na vichembe vya pembeni na mzigo unazama. Kwa hiyo wanazivalisha ligandi, molekuli yenye kichwa kinachong'ang'ania metali na mkia mrefu unaoelea kwenye toluini, kimiminika cha kuyeyushia. Moja maarufu sana ni asidi ya oleiki, hiyohiyo iliyomo kwenye mafuta ya alizeti ya Singida (ila msije mkamimina mafuta ya kupikia kwenye chombo cha watu, wao wanatumia iliyosafishwa). Upishi wenyewe ulinyooshwa 1993 na Murray, Norris na Bawendi pale MIT, chuo cha Marekani: unachoma sindano ya malighafi kwenye kimiminika cha moto, karibu nyuzi 300, mbegu zote za kristali zinazaliwa kwa pamoja, joto linashuka, halafu zinakua taratibu na wewe ndo unaamua usimamishe lini.

Hata na ligandi bado atomi nyingine za usoni zinabaki uchi, na hapo elektroni inanaswa, nishati inaishia kuwa joto badala ya mwanga. Dawa ilikuwa kufunika kristali na ganda la semikondakta nyingine yenye pengo pana zaidi. Mwaka 1996 Hines na Guyot-Sionnest wa Chuo Kikuu cha Chicago walifunika kadimiamu selenaidi kwa zinki salfaidi, ikawa kati ya fotoni zinazomezwa, nusu hivi zinarudi kama mwanga. Kwangu mimi hiyo ndo siku vidoti vilikuwa bidhaa.

Kuna mahali nimesikia kidoti kimoja chini ya hadubini kinawaka na kuzima chenyewe. Kweli?

Kweli, hiyo nayo iliripotiwa 1996. Chaji moja ikitoroka ikanaswa usoni, kidoti kinabaki na chaji ya ziada, mwanga ukija tena nishati inapewa hiyo chaji badala ya kutoka kama fotoni, kidoti kinakuwa giza mpaka mambo yasawazike. Ganda nene linapunguza sana huo mchezo.

Mwanangu, huku Bahi jua halina adabu. Nisubiri sola za hivyo vidoti au ninunue hizi zilizopo?

Shikamoo mama. Nunua zilizopo. Ngoja nikueleze kwa nini, maana wazo lenyewe ni zuri. Vidoti vya risasi salfaidi vinaweza kuvuna mpaka miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, na unavipaka kama rangi ya ukuta, bila tanuru kubwa. Shida ni ileile mikia ya ligandi: inayosaidia kichembe kielee ndo hiyohiyo inazuia umeme usiruke kutoka kidoti hadi kidoti, kwa hiyo baada ya kupaka inabidi uitoe uweke mifupi, kama ayodaidi, na ukikosea uso unaharibika. Halafu hewa na unyevu navyo havina huruma. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Queensland walifika asilimia 16.6 kwa vidoti vya perovskaiti, aina nyingine ya kristali, kwenye kiseli kidogo cha maabara. Paneli ya silikoni ya dukani inazidi hapo na inakaa miaka kibao juu ya bati.

TV ikivunjika, hiyo kadimiamu si sumu?

Kadimiamu ni sumu, hilo halina mjadala, hasa kwa figo. Umoja wa Ulaya wanairuhusu mpaka asilimia 0.01 tu ya uzito wa malighafi kwenye vifaa vya umeme, ndo maana wengi wamehamia indiamu fosfaidi. Hata yenye kadimiamu, vidoti vimefungwa ndani ya plastiki, kioo kikipasuka sebuleni hamna kitu kinachoruka. Ninachokiogopa mimi ni kuchoma TV mbovu jalalani ili kutoa kopa. Msichome.

Nataka project ndogo ya vidoti, maabara yetu haina hela. Nianze wapi?

Mdogo wangu, kadimiamu usiiguse bila msimamizi na chemba ya kufyonza hewa. Anza na vidoti vya kaboni: asidi ya sitiriki na urea, ile ya mbolea lakini tafuta safi, na maji kidogo, unapasha kwenye maikrowevu ndani ya chemba hiyohiyo maana inatoa amonia, mpaka ikauke iwe kahawia. Yeyusha kwa maji, chuja, punguza ukali mpaka iwe njano ya mbali, mulika na tochi ya UV gizani utaona bluu au kijani. Kama mna spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaomezwa) pima kinachomezwa kabla na baada ya kuchuja. Ila kwenye ripoti usiandike kwamba ukubwa ndo unaamua rangi, kwenye kaboni mwanga mwingi unatoka kwenye vikundi vya usoni na molekuli zilizobaki humo ndani, na mtahini anayejua atakubana hapohapo.