Camilla, Camellia na kamomili: si ukoo mmoja

Je, jina la mtu Camilla, jina la ua Camellia na jina la mmea kamomili yana asili moja? Hapana, sauti tu ndiyo inayofanana.

Camellia limetokana na mtu halisi: Georg Joseph Kamel, bradha wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, mzaliwa wa Brno (leo Ucheki), aliyetengeneza dawa na kuchunguza mimea Ufilipino, akafia Manila mwaka 1706. Kwa Kilatini jina lake liliandikwa Camellus, na Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, akaupa mmea jina hilo kumuenzi. Si kwamba Kamel ndiye aliyeugundua. Wanabotania wana mtindo huo: Magnolia ni ya Pierre Magnol, Fuchsia ya Leonhart Fuchs. Na chai unayokunywa ni Camellia sinensis, kwa hiyo Kamel yumo kikombeni bila wengi kujua.

Camilla ni la zamani zaidi. Ni binti mpiganaji katika utenzi wa Aeneid wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, ulioandikwa zaidi ya miaka 1,600 kabla Kamel hajazaliwa. Kamomili nayo ni Kigiriki, maana yake tufaha la ardhini, kwa sababu ya harufu yake.

Ila kuna mahali ua na mtu vilichanganywa kweli. Katika riwaya ya mwaka 1848 ya mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas mwana, mwanamke mpenda camellia anaitwa Marguerite, lakini michezo ya jukwaani ya Kiingereza ilimbatiza Camille, yaani Camilla kwa Kifaransa. Na Marguerite lenyewe, kwa Kifaransa, ni jina la ua jingine!