Pingamizi Liandikwe Kabla Msingi Haujachimbwa

Ilani ya kwanza katika mtaa wetu hapa Nyali, Mombasa, ilitundikwa kwenye ukuta uliofunikwa na maua, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kuisoma. Ploti ya nyumba ya familia moja ilikuwa inaombewa kubadilishwa matumizi ili iwe mkahawa. Tulizinduka mabati ya ujenzi yalipozungushwa, na tulipofika ofisini tukaambiwa kwamba kibali kilikwisha kutolewa na kwamba siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti zilikuwa zimepita. Usiku wa Ijumaa hatulali tena kwa muziki, na bibi mmoja mgonjwa wa moyo alilazimika kuhamia kwa bintiye Likoni.

Ndiyo maana nawasihi msome kila ilani. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji wa kibali autangazie umma mradi wake, na tangazo hilo liwaalike wananchi kuwasilisha pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Mpangaji wa nyumba naye ni mwananchi. Asiambiwe anyamaze kwa sababu hana hati ya ardhi.

Ilani ya pili ilipokuja, safari hii ya jengo la ghorofa nane, tulianza kwa kulalamika katika kundi la WhatsApp, mpaka mwalimu mmoja mstaafu alipotukumbusha kwamba malalamiko hayo hayataingia katika faili yoyote. Tukatoka na utepe, tukapima barabara na kukuta ni mita sita kutoka ukuta hadi ukuta. Tukahesabu magari yanayopita kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Mtaa wetu hauna bomba la maji taka, kila nyumba ina shimo lake, kwa hiyo tukachora mashimo na visima vyote kwenye karatasi moja na kuonyesha vilivyokaribiana. Katika barua zetu za pingamizi tulieleza pia habari za kisima cha jirani yangu, ambacho maji yake zamani tulipikia chai na sasa yanafaa kuoshea sakafu tu, kwa kuwa karibu na bahari maji yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda.

Kila nyumba iandike barua yake kwa maneno yake, kwani barua moja iliyotolewa nakala thelathini huonekana kama sauti moja, na kila mmoja ahakikishe nakala yake imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Msiandike kwamba hamtaki watu wa aina fulani waje kukaa kwenu. Hiyo ni dhuluma, na watu wanahitaji nyumba. Hoja iwe barabara, maji, taka na kelele.

Kibali kilitolewa kwa ghorofa nne, kwa sharti kwamba magari yote yaegeshwe ndani ya ploti. Baadhi ya majirani waliona tumeshindwa. Mimi naona tulisikilizwa, ingawa nilitamani mashimo ya maji taka yangepewa uzito zaidi. Wiki hii wanamwaga zege la ghorofa ya tatu. Nakala ya kibali tunayo, na tunahesabu, kwa sababu jengo likizidi kilichoidhinishwa tutarudi katika ofisi ileile, tukiwa na barua nyingine.