Tamaa ya kushika simu niliipa kofia ya kushona

Mdogo wangu, umeuliza ufanye nini, maana kila ukikaa kuandika ripoti yako ya chuo unajikuta unaosha vyombo, unapanga kabati, au umeshika simu saa nzima. Halafu unajiita mvivu. Mvivu haoshi vyombo saa tano usiku. Nakwambia haya kwa sababu nimeyapitia.

Nilikuwa najiandaa na mitihani ya uhasibu ya NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, ile ya Mei na Novemba, huku mchana niko kazini. Mei nikaanguka somo moja, la hesabu za makampuni. Kitabu nilikuwa nakifungua kila usiku baada ya Isha. Nikifika tu kwenye swali gumu, mkono unakwenda kwenye simu kabla hata sijaamua. Nikirudi nimeshasahau swali lilitaka nini, naanza upya. Nilijaribu kuizima, nikampa mume wangu anifichie. Siku tatu, nne, naidai mwenyewe. Mwisho nikatambua kuwa nilichokuwa nakitamani ni kuondoka pale penye ugumu, na simu ndiyo mlango uliokuwa karibu.

Mama yangu anashona kofia za viua, hapa Unguja. Kwa msiozijua, ni zile kofia nyeupe za mkono zinazovaliwa na kanzu. Kitambaa kinachorwa, kinatobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano mpaka maua yanatokea. Kofia moja ina vitundu mamia na huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Agosti nikamwomba kipande kimoja kilichokwisha kuchorwa, nikakiweka mezani palepale ilipokuwa inakaa simu. Simu ikahamia chumba cha pili. Nikajiwekea sharti: nikishikwa na hamu ya kukikimbia kitabu, nakimbia na wala sijilaumu, ila nakimbilia kofia. Vitundu sita, narudi.

Kilichotokea sikukitegemea. Sindano inataka macho na vidole. Akili inabaki huru. Usiku mmoja nimekwama: kampuni mama imeiuzia kampuni tanzu, yaani ile inayoimiliki, bidhaa za shilingi 10,000,000, ndani yake mna faida ya 2,000,000, na nusu ya bidhaa hizo bado zimo ghalani. Nikashika kofia. Kufika kitundu cha nne likanifungukia: kundi lote la kampuni ni kama nyumba moja, na mtu hawezi kujiuzia kitu mwenyewe akasema kapata faida. Basi ile 1,000,000 iliyomo kwenye bidhaa za ghalani bado haijapatikana, inaondolewa kwenye faida na kwenye thamani ya bidhaa. Kitabu kilisema hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimekariri. Ningeshika simu usiku ule, kichwa kingejaa habari za watu na swali lingefukiwa chini yake.

Baadaye nikaja kusoma kwamba profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Stanford, John Perry, aliandika wazo la jirani na hili mwaka 1995, na mwaka 2011 likampatia tuzo ya fasihi ya Ig Nobel, zile tuzo za mzaha zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Anasema anayeahirisha hufanya kazi nyingi za maana ili mradi akwepe ile iliyo juu kabisa ya orodha. Basi, anashauri, juu pale weka jambo linaloonekana kubwa na la haraka, kumbe silo. Kwa mwenye mtihani au ripoti, hapo simkubalii. Tarehe yetu ni ya kweli. Ukijiachia utafika Novemba na kofia mkononi na kitabu hujakigusa.

Hata sharti langu nililivunja wiki mbili za mwanzo. Ua likianza kunoga napitiliza, nashtukia saa sita. Dawa ikawa kukata uzi mfupi, wa kutosha vitundu sita tu. Uzi ukiisha, naweka chini. Nilijaribu kupika pia, haikufaa: ukishateleka chungu huwezi kukiacha urudi kusoma. Itafute kazi ya mikono inayokubali kukatwa popote na isiyokuletea maneno ya watu kichwani.

Novemba nilifaulu lile somo. Kofia niliimaliza Februari, anaivaa baba.

Kwako wewe sioni haja ya kununua kitu wala kupakua programu. Una vyombo. Kesho ukimaliza kula usivioshe. Viache kwenye karo, simu iweke mbali, kaa na ripoti yako. Ukikwama na mkono ukaanza kuitafuta simu, inuka uoshe sahani tatu, tatu tu, huku sentensi iliyokushinda umeibeba kichwani. Futa mikono, rudi uiandike hata kama imekaa vibaya. Sahani nyingine zitakungoja hapo utakapokwama tena.